Presha si namba tu: wanavyopima hatari ya moyo, figo na ubongo

 

Leo naomba tuache siasa na mpira kidogo. Kuna mada nimeiweka kiporo muda mrefu, ya presha, yaani shinikizo la juu la damu. Najua wengi wenu mko kafe, mna nusu saa tu na mnasema presha ni ya wazee. Vumilia, soma mpaka mwisho, halafu mpigie simu mama au baba yako. Mimi si daktari. Ni mtoto wa mgonjwa aliyekaa kliniki na daftari mkononi, akauliza maswali mpaka akaonekana msumbufu.

KILICHONIFANYA NIANDIKE

Baba yangu mdogo alikuwa fundi seremala. Siku moja kichwa kikamuuma, akaingia duka moja la dawa, akapimwa presha akiwa amesimama, na shati la mikono mirefu halijapandishwa. Akaambiwa, "Mzee, presha imepanda," akauziwa vidonge vya wiki mbili. Vikaisha, kichwa kikapoa, akajihesabu amepona. Hakuna aliyempima mkojo. Hakuna aliyemuuliza kama anavuta sigara, na alikuwa anavuta kweli kweli. Hakuna aliyemwambia arudi lini.

Miaka minne baadaye aliamka asubuhi mkono wa kulia hauinuki na maneno hayatoki. Kiharusi. Mpaka leo anatusalimia kwa mkono wa kushoto, na randa yake tumeitundika ukutani.

Kwa hiyo mama yangu naye alipopimwa akakutwa na presha, nilisema safari hii hatufanyi kienyeji. Tukapanda gari mpaka Tosamaganga.

TOSAMAGANGA NI WAPI?

Ni nje kidogo ya Iringa mjini, upande wa Kalenga alikokuwa na ngome Mtwa Mkwawa. Wamisionari wa Konsolata walianza kazi pale baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na hospitali ni ya Jimbo Katoliki la Iringa. Wenyeji wengi tunaiita Ipamba. Kwa miaka mingi imeshirikiana na madaktari wa shirika la CUAMM la Padova, Italia, ambalo liko Tanzania tangu 1968. Kilichonivutia ni kwamba pale palianzishwa kliniki maalumu ya magonjwa yasiyoambukiza, yaani presha, kisukari, moyo na wenzao, na mwaka 2021 habari za mpango huo zilichapishwa kwenye jarida la kimataifa la afya. Maana yake mgonjwa wa presha anafuatiliwa kwa kadi na tarehe, kama ilivyozoeleka kwa kliniki za wajawazito.

KWA NINI NAMBA MOJA HAITOSHI

Hili ndilo somo kubwa, lishike. Chukua watu wawili wenye presha 150/94. Mmoja ni dada wa miaka 42, havuti sigara, hana kisukari, mkojo safi. Wa pili ni mzee wa miaka 63, anavuta, ana kisukari, na mkojo unatoa protini. Namba zao ni zile zile, lakini hatari ya kupata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya miaka 10 ijayo haifanani hata kidogo. Ndiyo maana daktari mzuri haishii kwenye mashine. Anajiuliza maswali mawili:

1. Huyu mtu ana hatari kiasi gani huko mbele?
2. Je, presha imeshaanza kuharibu viungo, hata kama mwenyewe hajisikii kitu?

Wazo la kujumlisha hatari lilitoka mbali. Mwaka 1948 huko Framingham, Marekani, walianza kufuatilia watu wazima 5,209 wa mji mmoja, miaka na miaka, kuona nani anaugua moyo na kwa nini. Humo ndimo ilipothibitika kwamba presha, sigara na lehemu vinashirikiana. Kila kimoja kinampa mwenzake nguvu.

Na hapa kwetu? Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta kama watu 26 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Utafiti mwingine wa 2003 hadi 2006 ulihesabu viharusi wilayani Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Dar ilikuwa na takriban wagonjwa wapya 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai 109. Kwa hiyo anayesema haya ni magonjwa ya Wazungu, mwambie apite wodini.

HATUA YA KWANZA: PIMA VIZURI

Ukikosea hapa, yote yanayofuata ni bure. Nilichoandika kwenye daftari:

- Kaa kimya dakika 5 kabla ya kupimwa. Mgongo umeegemea, miguu yote chini, usikunje nne.
- Nenda chooni kwanza. Kibofu kikijaa presha inapanda.
- Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla.
- Mkono uwe wazi, umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee.
- Kitambaa cha mashine kitoshe mkono. Kikiwa kidogo kwenye mkono mnene, mashine inatoa namba kubwa ya uongo.
- Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, halafu fuata wenye namba kubwa.
- Chukua vipimo viwili au vitatu, dakika moja moja katikati, kisha tafuta wastani.

Kliniki, mstari wa hatari ni 140/90 na kuendelea, tena kwa ziara zaidi ya moja, isipokuwa kama namba ni kubwa sana au viungo vimeshaonyesha dalili. Ukipima nyumbani mstari ni 135/85. Kuna wanaopanda presha kwa kumwona daktari tu, na kuna wanaotulia kliniki lakini nyumbani iko juu. Wa pili ndio wabaya zaidi, kwa sababu wanaondoka wakiwa wamepongezwa.

Mama alipimwa siku mbili tofauti. Wastani ulikuwa 164/98. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, mimi mbona siumwi kitu?" Nesi akamjibu taratibu, "Ndiyo hivyo mama, presha huwa haiumi."

HATUA YA PILI: CHATI YA RANGI

Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za kukadiria hatari mwaka 2007, kisha likazifanya upya mwaka 2019 kwa kanda 21 za dunia. Tanzania, Kenya na Uganda tumo kwenye chati ya Afrika Mashariki. Ziko za aina mbili:

Chati ya maabara: inataka umri, jinsia, sigara, presha ya juu (ile namba ya kwanza), kisukari na kiwango cha lehemu.

Chati isiyo ya maabara: inataka umri, jinsia, sigara, presha ya juu, na uwiano wa uzito na urefu. Hii imetengenezwa kwa ajili ya zahanati isiyo na kipimo cha damu. Mizani, kipimo cha urefu na mashine ya presha vinatosha.

Unatafuta mstari wako, unakutana na kiboksi chenye rangi. Kijani ni chini ya asilimia 5. Njano ni 5 mpaka chini ya 10. Chungwa ni 10 mpaka chini ya 20. Nyekundu ni 20 mpaka chini ya 30. Nyekundu iliyoiva ni 30 na kuendelea. Asilimia hiyo ni uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Yaani ukiambiwa 20, chukua watu 100 kama wewe, kama 20 kati yao watapatwa kabla ya miaka 10 kwisha.

Sasa angalieni mipaka yake. Chati ni ya watu wa miaka 40 hadi 74. Aliyekwisha kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo hahitaji chati, yeye tayari yuko kwenye hatari kubwa. Na chati haioni kila kitu. Haiulizi kama baba yako alipata kiharusi mapema. Haiulizi figo. Haiulizi VVU, na hili kwa Nyanda za Juu Kusini si dogo: uchunguzi wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Dawa za kufubaza virusi zimewapa watu maisha marefu, jambo la kumshukuru Mungu, lakini VVU vyenyewe vinaongeza hatari ya moyo na figo. Kwa hiyo aliye kwenye dawa hizo apimwe presha pia kila anapokwenda kuchukua.

Mama, miaka 58, havuti sigara, hana kisukari. Kwenye chati hakufika hata kwenye nyekundu. Nikaanza kufurahi. Daktari akasema, "Subiri kijana, hatujamaliza."

HATUA YA TATU: VIUNGO VIMEGUSWA?

Presha ya muda mrefu inapiga viungo vitano. Kimoja kimoja:

MOYO. Moyo ni msuli. Ukiusukumiza kazi nzito kila siku, unanenepa kama mkono wa mtu anayetwanga mahindi kutwa. Tofauti ni kwamba msuli wa moyo ukinenepa unakuwa mgumu, haujai damu vizuri, na baadaye unachoka na kutanuka. Huo ndio watu wanauita "moyo mpana". Kipimo cha kwanza ni ECG, ile ya kubandika vinasa umeme kifuani. Wanajumlisha urefu wa mawimbi fulani, na ikifika milimita 35 wanashuku ukuta umenenepa. Lakini ECG inakosea, hasa kwa vijana wembamba na kwetu Waafrika, inaweza kuonyesha mawimbi makubwa wakati moyo ni mzima. Anayethibitisha ni kipimo cha eko, cha mawimbi ya sauti, kinachopima unene wa ukuta wenyewe. Mjue pia kwamba utafiti wa 2012 kwa wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45 hivi, na wastani wa umri ulikuwa miaka 52 tu. Hao si vikongwe. Ni watu wenye watoto shuleni.

FIGO. Hapa kuna vipimo viwili na vyote vinatakiwa. Cha damu kinaitwa kreatinini, ambacho lazima kikokotolewe pamoja na umri na jinsia kupata kasi ya figo kuchuja. Namba ile ile ya kreatinini inaweza kuwa nzuri kwa kijana wa mazoezi na mbaya kwa bibi mwembamba. Kasi ikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Cha pili ni mkojo: kijiti cha kuchovya kinaonyesha protini, na maabara kubwa inapima albumini kwa usahihi zaidi. Figo nzima haivujishi protini. Ila usikurupuke, maana homa, maambukizi ya njia ya mkojo, kichocho au mazoezi makali vinaweza kuleta protini. Kipimo kinarudiwa.

MACHO. Nyuma ya jicho ndipo pekee daktari anapoweza kuona mishipa midogo ya damu moja kwa moja bila kupasua. Tangu 1939 wanagawa madhara katika ngazi nne. Ngazi mbili za mwanzo mishipa imebanwa na kukandamizana. Ya tatu kuna damu au madoa meupe. Ya nne neva ya jicho imevimba, na hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo.

UBONGO. Wanauliza: uliwahi kupoteza nguvu upande mmoja, au maneno kukwama, hata kwa dakika chache tu kisha vikarudi? Wengi wetu tunasema "nilipitiwa na upepo" na maisha yanaendelea. Huo "upepo" ni onyo la kiharusi. Usiufiche.

MISHIPA MIKUBWA. Wanagusa mapigo ya miguuni, wanauliza kama ukitembea misuli ya mguu inabana mpaka usimame. Wakiweza wanalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ya mguu ikigawanywa kwa ya mkono na kupata chini ya 0.9, mishipa ya mguu imeziba kiasi.

Majibu ya mama: mkojo protini alama moja, uliporudiwa ikawa hivyo hivyo. Kreatinini ilikuwa sawa. Macho ngazi ya pili. ECG mawimbi makubwa, na eko tuliyofanya baadaye ikasema ukuta wa moyo umenenepa kidogo. Basi bwana, yule "asiyeumwa kitu" alikuwa ameshaguswa moyo, figo na macho. Daktari akamwandika kwenye kundi la hatari kubwa, chati iseme isemavyo. Viungo vikishaonyesha alama, vinaishinda chati.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba mdogo. Mkojo wake ungechovywa kijiti siku ile ya kichwa, nani ajuaye.

IKISHAJULIKANA, INASAIDIA NINI?

Inaamua mambo matatu: dawa zianze sasa au kwanza ubadili mtindo wa maisha, ziwe na nguvu kiasi gani, na urudi kliniki kila baada ya muda gani. Mwenye hatari ndogo na presha iliyopanda kidogo anaweza kupewa miezi michache ya kupunguza chumvi (Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, chakula chote kikihesabiwa), kuacha sigara, kutembea, na kupunguza pombe. Ndiyo, na ulanzi ni pombe, msinitazame vibaya. Mwenye hatari kubwa anaanza dawa mara moja.

Kuhusu dawa, utafiti uliotolewa 2019 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba kwa Waafrika weusi mchanganyiko wenye amlodipini ulishusha presha vizuri zaidi ya ule usiokuwa nayo. Na hesabu kubwa ya 2021 ilionyesha kushusha presha kwa pointi 5 tu kunapunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 10 hivi. Kidogo kidogo, lakini inalipa.

Mama sasa ni mwaka wa pili. Presha iko chini ya 140/90, na mara mbili za mwisho mkojo haukuonyesha protini. Viungo vinaweza kupata nafuu vikiwahiwa.

VIJANA WA KAFE, HII NI YENU

Chati inaanzia miaka 40, lakini presha haingoji. Ukikutwa nayo una miaka 22 au 30, usikubali kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Kwa kijana lazima watafute chanzo: ugonjwa wa figo, mshipa wa figo uliobanwa, tezi za juu ya figo, au dawa unazotumia. Diklofenaki na wenzake, hizi tunazomeza kama karanga kwa maumivu ya mgongo, zinapandisha presha na kuumiza figo. Baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinapandisha, kwa hiyo dada zetu wapimwe kabla na baada ya kuanza.

UKIONA HAYA, USINGOJE KESHO

Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki: hospitali sasa hivi. Presha 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kuona giza au kuchanganyikiwa: hospitali sasa hivi. Na tafadhali msimwekee mgonjwa kidonge cha presha chini ya ulimi ili ishuke haraka. Ikishuka ghafla ubongo unakosa damu, na mnaweza kusababisha kiharusi mlichokuwa mnakikimbia.

MASWALI YA KWENDA NAYO KLINIKI

Nakili, chapisha, au andika kwenye kiganja:

- Wastani wangu ni ngapi, na mlipima mikono yote?
- Mkojo wangu una protini?
- Kreatinini na kasi ya figo ni ngapi?
- Sukari na lehemu je?
- ECG inasemaje, nahitaji eko?
- Macho yangu yameangaliwa?
- Hatari yangu ya miaka 10 iko rangi gani?
- Narudi lini?

Si kila zahanati ina vyote hivi. Lakini mashine ya presha, mizani, kijiti cha mkojo na ile chati ya karatasi havihitaji umeme wa gridi. Anzeni navyo.

Ndiyo hivyo wadau. Madaktari na manesi mliomo humu, nirekebisheni hapo chini nilipopotoka, na wenye uzoefu wa wazazi wao watuambie. Jumapili nampeleka baba mdogo kupimwa tena. Amekubali kwa sharti moja, nimbebe na randa yake, anataka kujaribu kwa mkono wa kushoto.

Naomba kuwasilisha.